Sura ya Saba: Lini Ukate, Lini Uhamishe Chungu

Mtandaoni wapo watu wanaouza mbegu za mepo ya Kijapani yenye majani ya buluu. Usinunue. Mepo ya buluu haipo popote duniani. Picha zile zimepakwa rangi kwenye kompyuta. Mepo ya kweli, ambayo wataalamu huiita Acer palmatum, huwa na majani ya kijani, mekundu, ya zambarau au ya rangi ya chungwa kutegemea aina yake na msimu. Hata mbegu zake halisi hazitakufaa sana ukiwa Shinyanga, kwa sababu haziamki mpaka zikae kwenye unyevu na baridi kwa miezi mitatu hivi. Unaweza kuzidanganya kwa kuzilaza ndani ya friji, pembeni ya sato, na baadhi zitaota. Shida itakuja baadaye, mche ukishakua na kuanza kusubiri majira ya baridi yasiyofika. Mti wenye urefu wa mkono huwezi kuulaza na sato.

Hata hivyo sura hii lazima ianze na mepo, maana ndiyo mti ambao vitabu vya bonsai vimeandikiwa kuuzunguka. Ukifungua kitabu au video yoyote utaambiwa: hamisha chungu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Msomaji wa Kahama anafuata, anang'oa mkwaju wake kwenye chungu mwezi Machi, anakata theluthi ya mizizi, na baada ya wiki mbili anabaki na kijiti. Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kinazungumza na mtu wa Saitama, na hakikumweleza msomaji wetu sababu ya ile Machi. Sababu ndiyo tunayoitafuta hapa. Ukiipata, utaihamisha tarehe mwenyewe.

Saitama nimeitaja kwa makusudi. Huko ndiko kuliko na Omiya, kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na wakulima wa miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1923. Kwa miaka 100 hivi watu wa pale wamekuwa wakiutazama mti huu mmoja ukipita katika mwaka wake, na mwaka wenyewe uko hivi.

Majira ya vuli ya Japani, siku zinapofupika, mepo huvuta sukari kutoka kwenye majani na kuishusha kwenye shina na mizizi. Majani hugeuka mekundu, kisha hudondoka. Baridi inapoingia mti umelala, lakini haukulala na njaa; akiba yake yote iko chini. Mwishoni mwa baridi vichipukizi huanza kuvimba. Bado hakuna jani hata moja, ila mizizi imeshaanza kuamka. Huo ndio wakati wa kuutoa mti chunguni, kuchana mizizi na kupunguza iliyozidi. Mti usio na majani hauna kiu, kwa hiyo kukatwa mizizi hakuuumizi sana, na ile akiba iliyo kwenye shina ipo tayari kujenga mizizi mipya. Ukichelewa wiki mbili tatu, majani yakakunjuka, kila jani linadai maji na mizizi ya kuyaleta umeitupa jalalani.

Mepo changa huhamishwa kila mwaka au kwa kuruka mwaka mmoja. Iliyokomaa husubiri miaka 2 au 3, na mzee zaidi ya hapo. Lakini usihesabu miaka tu. Mwagilia maji utazame: yakituama juu ya udongo badala ya kuzama, au mti ukionekana kuinuka kidogo kutoka kwenye chungu, mizizi imejaa.

Kupogoa ni habari nyingine, na ni hapa wanaoanza wanapochanganya mambo. Tawi kubwa la mepo likikatwa wakati ule ule vichipukizi vinapovimba, maji ya mti hutiririka kwenye kidonda siku kadhaa, kwa sababu mizizi inasukuma juu kwa nguvu. Ndiyo maana wakulima wengi huacha matawi makubwa mpaka majani yamekunjuka na kukomaa, mwanzoni mwa kiangazi cha kwao, au mpaka yamedondoka na mti umetulia. Wanatofautiana sana juu ya hilo, na ukiwasikiliza wakibishana utadhani ni Simba na Yanga. Wasichobishania ni kazi ndogo ndogo: ncha laini za matawi huchumwa kwa vidole mara jozi ya kwanza ya majani inapofunguka, ili tawi lisirefuke ovyo. Wengine huondoa sehemu ya majani mwezi Juni ili mti utoe mengine madogo zaidi. Hilo hufanyiwa mti wenye afya tu, na kamwe si mti uliohamishwa chungu mwaka huo huo.

Kwa hiyo mti una kipindi kimoja cha hatari kuliko vyote, nacho ni pale majani mapya yamekunjuka lakini hayajakomaa. Akiba imetumika kuyajenga, na yenyewe bado hayajaanza kulipa. Mti wakati huo ni mkulima aliyemwaga mbegu yote shambani, ghala limebaki vumbi, na mahindi hayajabeba. Ukimnyang'anya kitu mwezi huo, hana pa kupata kingine. Kata kabla ya hapo au baada ya hapo. Kalenda yote ya Omiya, pamoja na ugumu wake, ni njia ya kukikwepa kipindi hicho.

Sasa turudi nyumbani. Shinyanga iko chini ya nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100. Usiku wa Julai utatafuta blanketi, lakini hiyo si baridi ya kumlaza mepo. Atapandwa, atatoa majani, jua la Septemba litayababua kingoni, atachipua tena bila kupumzika, na mwaka wa pili au wa tatu atakufa kwa uchovu. Kuna wanaotamani kumjaribu kwenye nyanda za juu, Makete au Njombe, ambako barafu huanguka kwenye majani alfajiri za Juni na Julai. Huko angalau hoja ipo. Kwa Shinyanga, Kahama na Geita jibu langu ni hapana, na sioni haja ya kulilainisha.

Kinachoilaza miti ya kwetu ni ukame. Mamlaka ya Hali ya Hewa huihesabu Kanda ya Ziwa, pamoja na Shinyanga na Geita, kwenye mikoa ya misimu miwili ya mvua: vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, katikati yake kukiwa na mapumziko mafupi ambayo mwaka mwingine hayaonekani. Kisha Juni, Julai na Agosti ni ukavu mtupu. Geita, kwa kuwa jirani na ziwa, hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga. Miti mingi ya porini hudondosha majani kiangazi hicho, na akiba hushuka chini vilevile kama ya mepo chini ya theluji.

Halafu hutokea jambo ambalo wengi wetu tunalipita tukiwa kwenye basi bila kulitilia maanani. Toka Kahama kuelekea Ushirombo mwezi Septemba, ardhi ikiwa imekauka mpaka inapasuka, utaona miyombo imeanza kutoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu. Mengine ni ya rangi ya shaba, mengine ya damu ya mzee. Mvua haijanyesha hata tone. Mti unachipua kwa akiba yake na kwa maji uliyoyahifadhi na kuyafuata chini sana. Wekundu huo unatokana na kemikali iitwayo anthosiani, ile ile inayowakisha mepo wakati wa vuli ya Japani, na inadhaniwa huyakinga majani machanga dhidi ya jua kali mpaka yakomae. Ipo hata mepo ya aina ya Deshojo ambayo wekundu wake mkali huja majani yanapochipua, na watu hulipia ndege na hoteli kwenda kuitazama. Sisi tunazo maelfu ya hekta za wekundu wa aina hiyo, na miti yake tunaichoma mkaa.

Kwa mwenye chungu, miyombo inapoanza kugeuka ni saa. Machi ya Omiya kwetu ni mwisho wa Agosti na Septemba. Machi yetu ni masika, mti ukiwa na majani tele na kazi nyingi, na ndiyo sababu yule ndugu wa Kahama alibaki na kijiti.

Saa hiyo haifai kwa kila mti. Mkababu, mti wa jamii ya migunga, hufanya kinyume: huvua majani mvua zinaponyesha na kuvaa kiangazi, ng'ombe wakiwa hawana kivuli kingine. Ukiufuata mkababu kwa kalenda ya mkwaju utakosea kwa miezi sita. Tazama kichipukizi cha mti ulio nao mbele yako, ndipo utazame kalenda ya ukutani.

Badala ya mepo, mimi nashauri mkwaju. Mbegu zake ni za bure. Nunua ukwaju sokoni, tengeneza juisi, loweka kokwa usiku mmoja na uzipande. Jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vidogo, kwa hiyo mti wa sentimeta 30 unaonekana kama mti mkubwa uliotazamwa kwa mbali, bila kulazimika kuupunguza majani kwa nguvu. Gome hupasuka mapema na kuzeeka usoni. Unavumilia mkasi. India na Ufilipino wapo mabingwa wa bonsai waliojenga majina yao kwa mkwaju, ilhali mti wenyewe asili yake ni Afrika. Ubaya wake ni kwamba shina hunenepa polepole, basi mwenye haraka apande ardhini miaka michache kwanza.

Kazi ya chungu inakwenda hivi. Mwezi Julai na Agosti punguza maji, usiyakate kabisa. Chungu si pori, mizizi ya chunguni haina pa kukimbilia. Mkwaju utapukutisha sehemu ya majani yake. Kuanzia katikati ya Agosti kagua vikonyo. Ukiona nukta za kijani au za rangi ya waridi zimeanza kuvimba, toa mti jioni, jua likiwa limelala. Chana udongo kwa kijiti cha mshikaki kuanzia kingoni kuelekea shinani. Kata mizizi minene inayozunguka chungu, kata sehemu ya mzizi mkuu unaokwenda chini, lakini mizizi myembamba kama nywele iache kadiri uwezavyo, maana hiyo ndiyo inayonywa. Theluthi moja inatosha. Mti ambao haujawahi kukatwa mzizi mkuu usiumalize safari moja. Gawa kazi kwa miaka miwili.

Waliowahi kufanya kazi kwenye vitalu vya miche hawatashangaa. Kitalu chochote kizuri hupogoa mizizi inayopenya chini ya viriba, na wiki chache kabla ya kupanda huipunguzia miche maji na kivuli ili ikomae. Miche huoteshwa kiangazi ili ifike shambani na mvua. Bwana miti anayekaripia vijana kwa kuacha mizizi itoboe viriba ni mwalimu wa bonsai asiyejijua.

Baada ya kupanda, funga mti kwenye chungu kwa waya uliopita kwenye matundu ya chini, usitikisike. Mizizi mipya hukatika ovyo shina likicheza na upepo. Mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Weka chini ya neti au kichanja cha nyasi kwa wiki mbili hadi tatu. Samadi na mbolea ya dukani subiri kama mwezi mmoja na nusu. Mvua za Oktoba zikija zitaukuta una mizizi midogo mipya na majani yanayokomaa.

Matawi makubwa usiyakate siku hiyo. Kata ama mapema, Julai, mti ukiwa umetulia, ama baada ya majani kukomaa, Desemba hivi. Ukikata Desemba kidonda hufunga upesi kwa sababu mti una nguvu, ila mvua nayo huleta ukungu, kwa hiyo paka nta. Nta ya nyuki inapatikana kwa urahisi kwa warina asali wa Kahama na Tabora. Iyeyushe na mafuta kidogo ya kula ili isipasuke ikikauka. Kupunguza ncha ndogo kunaendelea msimu wote wa mvua, mradi mti uwe unakua.

Mkuyu na jamaa zake hufuata njia nyingine. Miti hii haina usingizi mzito, na hupenda kusumbuliwa ikiwa macho. Ihamishe chungu joto na unyevu vikiwepo, Novemba au Machi, ikiwa inakua kwa kasi. Utomvu wake mweupe ukitoka usiogope. Nyunyizia maji utakoma. Mbuyu wa chunguni uhamishe kabla tu ya kuchipua, kisha, na hapa watu wengi huutendea wema usiotakiwa, uache siku kadhaa bila maji ili vidonda vya mizizi vikauke. Ukiumwagilia siku ile ile unaweza kuoza.

Udongo. Wajapani hutumia akadama, punje za udongo wa volkano zinazochimbwa kwao, na kuiagiza ni kuunguza fedha. Wasukuma wana majina ya kila aina ya udongo kutoka kilimani hadi bondeni, na kwa chungu yanatosha mawili: luseni, ule wa kichanga, unafaa kama sehemu ya mchanganyiko, mbuga, ule mweusi, usiuguse. Mbuga huvimba ikinywa maji na kupasuka ikikauka, na mizizi hukatika nayo. Ponda matofali ya kuchoma, chekecha upate punje za ukubwa wa mtama hadi maharage, tupa vumbi lote, changanya na luseni iliyooshwa na pumba za mpunga zilizochomwa nusu. Pumba Kahama hukosi, na matofali mabovu hutupwa nyuma ya kila tanuri.

Kuna mchanga mmoja utakaokushawishi ukiwa Geita, Katoro au Nyarugusu. Ni safi, umepimika, umerundikwa bure kando ya karasha na mialo. Huo ni marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu. Ndani yake huwa kuna zebaki, na kama umepitia kwenye matangi ya kuchenjulia, sianidi pia. Usiulete nyumbani, usiuweke kwenye chungu, na usiwaruhusu watoto wauchezee. Mti utakufa ni kweli, lakini mti ndio hasara ndogo kuliko zote hapo.

Shinyanga yenyewe imewahi kupogolewa, na ni hapo utakapouona wakati wa kukata ukiamua uhai wa mkoa mzima. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton. Mbung'o wanahitaji vichaka. Basi vichaka viondoke. Watu walikusanywa kufyeka. Lakini visiki vilichipua, kama visiki vifanyavyo, na Swynnerton akatumia silaha nyingine: nyasi zililindwa zisiungue mapema, zikaachwa zikauke mpaka mwishoni mwa kiangazi, kisha zikachomwa zote kwa pamoja.

Moto wa wakati huo ni mkali kwa kuwa nyasi ni kavu. Unaua pia kwa kuwa unaukuta mti umeshatoa majani mapya na akiba umeitumia. Ni kile kipindi cha hatari nilichokieleza, safari hii kikitumiwa na mtu anayetaka mti ufe. Ndola, Zambia, kuna viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933 vinavyoonyesha jambo hili wazi: palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi miyombo ilikwisha na nyasi zikatawala, na palipochomwa mapema, mti ukiwa bado umelala, msitu ulibaki. Kiberiti ni kile kile. Tofauti ni ya miezi michache.

Baada ya mbung'o ilikuja pamba, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawaondoa watu kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika Shinyanga akaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza, baadaye kwa msaada wa Norway na pamoja na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Mwanzoni walitegemea vitalu na miche ya kigeni. Kilichofanya kazi kweli kilikuwa jambo ambalo wazee walikuwa nalo siku zote, ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishakomaa, kati ya Julai na Septemba, mifugo ikiwa haina kingine. Sungusungu walilinda, mkutano wa dagashida ulihukumu, na aliyevunja utaratibu alitozwa faini iitwayo mchenya. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mizizi na visiki vilikuwa hai ardhini vikisubiri kuachwa vipite salama kile kipindi cha majani machanga. Ngitili hufungwa hasa wakati huo. Mbuzi anapofunguliwa Agosti anakula jani lililokwisha kazi yake. Akifunguliwa Novemba anakula akiba ya mwaka. Kisiki hai, kama kinavyofundishwa leo Dodoma na LEAD Foundation kwa njia ambayo Tony Rinaudo aliieneza Niger kuanzia miaka ya 1980, kinaongeza mkasi tu juu ya hapo: chagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki, pogoa mengine, funga alama ili mchungaji aone, linda.

Geita haijapata HASHI yake. Kila duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, linahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba hutoka kwenye msitu ulio karibu, mwezi wowote shimo linapodai. Sitarajii mtu aliye meta 40 chini ya ardhi angoje Agosti. Lakini mwenye shamba la miti anayemuuzia anaweza kungoja. Kata Julai au Agosti, kwa msumeno, chini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki, bila kuchana gome. Kisiki hicho kitachipua na mvua za vuli, na baada ya miaka kadhaa utauza tena bila kununua mche. Ukikikata Novemba, majani yakiwa yametoka juzi, utakuwa umefanya kazi ya Swynnerton bila mshahara wake.

Basi, msomaji, tazama mwezi uliomo. Kama ni Februari au Machi, weka msumeno wa mizizi kabatini. Punguza ncha, mwagilia, tia samadi, na kama una mkuyu, huo tu unaweza kuuhamisha. Kama ni Juni, tafuta chungu chenye matundu na tanuri lenye matofali mabovu. Julai kata tawi kubwa lisilotakiwa, kama lipo. Kuanzia katikati ya Agosti kagua vikonyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na siku utakayoona nukta za kwanza zimevimba, fungua chungu jioni hiyo hiyo, usingoje Jumapili.